MDHAMINI HURU: HURU KWA NANI?



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja alisimama akasema maneno yaliyopigiwa makofi mengi. Alisema kwamba kampuni zikiwapa wafanya kazi hisa, chama hakitakuwa na kazi tena, maana hapatakuwa na tajiri wa kushindana naye. Tena alisema hatuna haja ya kuogopa kudanganywa, kwa sababu siku hizi yuko mtu aitwaye mdhamini huru, na kazi yake ni kutulinda. Sisi hatukupiga makofi. Tulinyamaza kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha na watu wa zamu ya usiku walitaka kwenda, lakini leo twajibu.

Kwanza na tueleze jambo lenyewe, maana wengi walipiga makofi bila kujua ni nini. Mwenye kampuni akitaka kuiacha, kwa uzee au kwa sababu nyingine, aweza kuiuza kwa wafanya kazi wake. Lakini wafanya kazi hawana fedha. Kwa hivyo hisa hununuliwa na mfuko wa amana kwa ajili yao wote, na bei hulipwa kidogo kidogo, miaka kadhaa, kutokana na faida ya kampuni yenyewe. Wanaosimamia mfuko huo ndio wadhamini. Mara nyingi mmoja hutoka upande wa mwenye kampuni wa zamani, mwingine huchaguliwa na wafanya kazi, na wa tatu hutoka nje: hana hisa, hana kazi pale, hana ndugu pale. Huyo ndiye mdhamini huru.

Ni kama mzee anayewauzia vijana ng'ombe na kuwaambia, Mtanilipa kwa maziwa. Kijana asiye na shilingi haulizi bei sana, anafurahi tu kuitwa mwenye ng'ombe. Lakini bei ikizidi, maziwa yote huenda kwa yule mzee, na ndama hufa. Maziwa hayo, ndugu, ndiyo nyongeza yetu ya mshahara, ndiyo viatu vya kazi, ndiyo dawa ya mtoto. Na mtu wa kufungua mdomo wa ng'ombe na kutazama meno kabla ya kukubali bei ni mdhamini. Siku ya ununuzi yeye ndiye mnunuzi. Sisi hatumo chumbani.

Basi twauliza: mtu huyo ameletwa na nani?

Zamani kidogo, katika karakana, tulikuwa na sanduku la fedha za maziko lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikuwa nao mweka hazina, wa pili mwenyekiti, na wa tatu alipewa mtu wa idara nyingine asiye mwanachama, ili asiwe na upande. Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha mtu yule akahamishwa, na msimamizi wetu akatuletea mwingine. Huyu naye alikuwa wa idara nyingine, naye hakuwa mwanachama, na sisi tukashukuru. Hatukujua kwamba alikuwa shemeji ya msimamizi, wala kwamba mwenyekiti na mweka hazina wote wawili walikuwa na deni kwa msimamizi huyo huyo. Siku alipofariki mwenzetu mmoja tulifungua sanduku, tukakuta karatasi za kuazima fedha zenye sahihi tatu, kama kanuni ilivyotaka. Kufuli zote zilikuwa nzima. Tulichanga upya, na maiti alikaa chumba cha maiti siku tisa.

Wengine watasema hayo ni mambo ya sanduku, makampuni makubwa yana mawakili. Haya, twende Marekani, ambako mipango hii ina umri mkubwa. Katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, kulikuwa na kiwanda cha mashine za kukerezea chuma kiitwacho South Bend Lathe. Mafundi wetu wa zamani watalikumbuka jina. Mwaka 1975 wenye kiwanda walitaka kukiacha, nacho kikanunuliwa kwa ajili ya wafanya kazi, hisa zote. Mwaka 1980 wafanya kazi hao hao waligoma. Watu walicheka: mtu atajigomeaje mwenyewe? Hawakuuliza kura ilikuwa kwa nani. Hisa zilishikwa na mdhamini, mdhamini alifuata maagizo ya kamati, na kamati iliwekwa na wakubwa. Mafundi walikuwa na kiwanda katika karatasi, na wakubwa walikuwa nacho mkononi. Tena pensheni yao ya zamani ilikuwa imeondolewa mpango wa hisa ulipoingia. Aliyesimama nao langoni ni chama chao cha mafundi wa chuma. Anayesema chama hakina kazi na ajibu hapo.

Huyo wa South Bend hakuwa huru hata kwa jina. Mtazameni aliyekuwa huru kwa jina. Mwaka 2007 kampuni ya magazeti ya Tribune, ya Chicago, ilinunuliwa kwa jina la wafanya kazi wake. Bwana Sam Zell, tajiri wa majumba, alitia dola milioni 315 na kushika usukani. Deni la kampuni likafika kama dola bilioni 13. Wafanya kazi hawakupigishwa kura. Aliyekubali kwa niaba yao alikuwa mdhamini, kampuni ya nje yenye kufanya kazi hiyo ya udhamini kwa ujira. Desemba 2008, mwaka mmoja tu baada ya mauzo kukamilika, Tribune ikaenda mahakamani kwa kufilisika, na hisa zile zikawa si kitu. Baadhi ya wafanya kazi walishitaki. Mwaka 2010 jaji aliamua kwamba mdhamini alivunja sheria kwa namna alivyozinunua hisa hizo, na mwishowe ikapatikana suluhu ya dola milioni 32, za kugawiwa maelfu ya watu. Ukipenda chukua kalamu ugawanye.

Na Uingereza je? Walitunga sheria ya mifuko hii mwaka 2014, na muuzaji akasamehewa kodi ya faida aliyopata. Msamaha huo ulikuwa mtamu, na sheria haikumzuia muuzaji kujaza wadhamini kwa nafsi yake na watu wake: mkono wa kulia ukiuzia mkono wa kushoto, na bei ikikubaliwa bila ugomvi. Iliwachukua miaka 10 kuziba tundu hilo. Tangu tarehe 30 Oktoba 2024, muuzaji anayetaka msamaha wa kodi hawezi yeye na watu wake kuwa na nguvu juu ya wadhamini, na wadhamini yawapasa kuchukua hatua zifaazo kuona kwamba bei haizidi thamani ya kweli. Ni jambo jema, twalisifu. Lakini hata sheria hiyo haikusema kwamba mtu wa nje lazima awepo.

Sasa wako ndugu wa upande mwingine, na hao ni rafiki zetu, wanaosema: basi aondolewe huyo mtu wa nje, wadhamini wote wawe wafanya kazi. Nao pia wamekosea. Mdhamini aliye fundi huonana na msimamizi wake kila asubuhi. Akimkatalia mkurugenzi jambo jioni, kesho yupo zamu mbaya. Katibu wa chama naye hawezi kukaa upande mmoja wa meza akidai mshahara, kisha azunguke akae upande wa pili akisema fedha za kampuni zatosha au hazitoshi. Na liko jambo zito kuliko hayo. Kampuni ya pombe ya New Belgium, kule Colorado, ilikuwa mali ya wafanya kazi wake kabisa. Mwaka 2019 walikubali kuiuza kwa kampuni ya Kirin ya Japani. Wafanya kazi zaidi ya 300 walipata kila mmoja zaidi ya dola 100,000. Hatuwalaumu, nasi tungetetemeka mbele ya fedha hizo. Lakini kijana aliyeandikwa kazi mwaka uliofuata alikuta tajiri langoni kama zamani. Mzee wa miaka 58 na kijana wa miaka 22 hawataki kitu kimoja mnunuzi akija, na kura ya mikono yaweza kuwanyamazisha wale ambao hawajaajiriwa bado. Hapo ndipo mtu wa nje ana kazi. Apime haki ya wote wawili, aseme sababu zake wazi, na baadaye aende nyumbani kwake, asikokutana na yeyote kati yetu.

Kwa hivyo hatumkatai. Twakataa kumpokea kwa jina. Neno huru ni tamu masikioni mwa Mkenya, lakini sisi twajua kwamba mtu huwa huru kwa jinsi alivyowekwa, kwa anayemlipa, na kwa anayeweza kumtoa.

Haya si mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 1996 Serikali ilipouza hisa za Kenya Airways, asilimia 3 ziliwekwa kwa ajili ya wafanya kazi. Mwaka 2017 madeni ya shirika yalipopangwa upya, mabenki yaligeuza mikopo yao kuwa hisa, na wenye hisa wa zamani sehemu yao ikapungua sana. Mwenye asilimia 3 huambiwa, haulizwi. Na kila yanapozuka maneno ya kuuza shirika la umma, hakosekani bwana wa kusema kwamba wafanya kazi nao watapewa hisa zao. Sisi wa reli neno mdhamini twalijua kwa sababu ya pensheni. Kanuni zilizofuata Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 zataka wanachama wateue baadhi ya wadhamini wao. Aliyekubali hayo kwa fedha za uzee atakataaje kwa hisa?

Basi twataka hivi. Jina la mdhamini huru lisitoke kwa muuzaji peke yake. Liletwe kwa wafanya kazi, nao wawe na haki ya kulikataa. Ujira wake tuujue ni kiasi gani. Wakurugenzi wasiweze kumfukuza, maana baada ya ununuzi kazi yake ni kuwahoji wakurugenzi hao mwaka hata mwaka, na kuwatoa ikibidi, na hakuna mtu anayemhoji sana yule anayeshika barua yake ya kuachishwa. Mpima thamani wa kampuni awe wa mdhamini mwenyewe, asiwe yule aliyempimia muuzaji. Bei na miaka ya kulipa zisomwe mbele yetu kabla ya sahihi, kwa Kiswahili, kwa shilingi, na tuambiwe ni sehemu gani ya faida itakayobaki kwa mishahara. Aje karakana na steshini, si ofisini tu, na zamu ya usiku aje pia. Na mkataba wa chama ubaki kama ulivyo. Hata akiwa mtu mwema kuliko wote, mdhamini hatasimama na mtu aliyefukuzwa kazi kwa uonevu siku ya Jumatatu. Hiyo si kazi yake, wala hatumdai.

Azimio hili tutalileta kwa maandishi katika mkutano ujao wa tawi. Ndugu aliyesema siku ile twamwomba aje, tena aje na habari za mdhamini huru mmoja anayemjua, atuambie aliwekwa na nani.