Bei ya Samaki wa Dunga Haipangwi Dunga



Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba, tulishangilia kuvunjwa kwa ukiritimba wa chama kimoja. Leo tunauliza: ukiritimba wa biashara utavunjwa lini? Mvuvi wa Dunga ana kura, lakini hana kauli juu ya bei ya samaki anayemvua. Huamuliwa Brussels, Beijing na Nairobi, naye huletewa uamuzi kama alivyoletewa babu yake kodi ya kichwa.

Tusisahau tulikotoka. Viwanda vya minofu vilipoenea kandokando ya ziwa katika miaka ya 1980 na 1990, mbuta alipanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukaachiwa mgongo wazi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa katika uvuvi. Kosa lilikuwa la wachache. Adhabu ikawa ya Kenya, Uganda na Tanzania nzima.

Kisha mkondo ukageuka. Kontena lenye jokofu limemwezesha samaki aliyefugwa katika mabwawa ya China kuvuka bahari, kushuka Mombasa na kuuzwa Kisumu, karibu na ziwa lenyewe, kwa bei ambayo mvuvi wa ngege haiwezi. Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitaka samaki hao wazuiwe. Ubalozi wa China ukalalamika hadharani, na katazo lile halikudumu. Serikali iliyokopa China ili kujenga reli kutoka Mombasa hadi Naivasha ingekuwa na ubavu gani wa kubishana? Mwenye deni hapandishi sauti.

Wapo watakaotujibu kwamba samaki wa nje ni nafuu na kwamba ziwa halitoshelezi. Ni kweli kuwa samaki wamepungua, na nyavu haramu zimechangia. Wala hatumlaumu mama wa Kibuye anayenunua samaki anayemmudu ili watoto wale. Tunachokipinga ni mvuvi kuamuliwa riziki yake bila ya kuulizwa.

Tunaambiwa pia kuwa vizimba ndivyo vitakavyotukomboa. Hatuvikatai. Lakini kizimba kinataka vifaranga, chakula na mtaji, na asiye na mtaji husukumwa pembeni mwa maji yaliyokuwa ya wote. Chakula chenyewe kingi huagizwa kutoka nje. Mataifa makubwa yakizozana na soya ikapanda bei, anayelipa ni mfugaji wa huku. Na omena, kitoweo cha maskini, husagwa kuwa chakula cha mifugo. Je, huu ndio ukombozi?

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024. Ni wavuvi wangapi waliosomewa mkataba huo kwa lugha wanayoielewa?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, orodha ya wenye vibali vya kuingiza samaki, pamoja na kiasi wanacholeta, itangazwe kwa umma. Pili, wavuvi na wachuuzi wa samaki wawakilishwe na watu waliowachagua wenyewe kila mkataba unaowahusu unapojadiliwa. Tatu, fuo zetu zipewe vyumba vya baridi vinavyomilikiwa na ushirika wa wavuvi, ili mtu asilazimike kuuza kwa bei ya dalali kwa sababu tu jua linachomoza na samaki anaoza.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mgombea atakapokuja Dunga kula samaki na kuomba kura, kabla hajanawa mikono mwulizeni: wewe ukiwa Bungeni, utasema nini juu ya madai haya matatu? Asiye na jibu, na arudi na njaa yake.