Kupumua Si Hasara

Iko kauli inayokaririwa madarasani: wanyama hupumua, mimea hutengeneza chakula kwa nuru. Msomaji, usiikubali. Nusu ya kweli ina madhara kuliko uongo mtupu, maana uongo hushukiwa, bali nusu ya kweli hukaribishwa na kupewa kiti.

Karibu kila kinachojilisha kwa nuru hupumua pia, na ushahidi unaelea baharini. Watazame bakteria waitwao Trichodesmium, jina walilopewa na Ehrenberg mwaka 1830, alipoandika habari zao kutoka Bahari ya Shamu. Katika pwani yetu huonekana hasa majira ya kaskazi, wametanda juu ya maji kama unga wa msumeno.

Wadogo hawa wana kazi kubwa. Nitrojeni ni sehemu 78 katika kila 100 za hewa, lakini samaki hawezi kuitwaa hewani, wala mwani wa kawaida hawezi. Bakteria hawa huikamata na kuigeuza mbolea kwa kimeng'enya kiitwacho nitrojenasi. Kimeng'enya hicho kina adui mmoja: oksijeni. Nao bakteria wenyewe hutoa oksijeni kila wajilishapo kwa nuru. Basi adui na rafiki hukaaje nyumba moja?

Kupumua ndiko kunakowaamua. Crocosphaera, jamaa yao, huweka akiba ya wanga mchana. Usiku huichoma kwa kupumua. Moto huo hutoa nguvu, na papo hapo huila oksijeni iliyomo ndani ya seli. Trichodesmium ni jasiri zaidi: hukamata nitrojeni mchana, jua likiwaka, na kupumua ni mojawapo ya ngao zake.

Watetezi wa kauli ile watasema kwamba kupumua ni hasara tu, kwa kuwa huteketeza chakula. Ni kweli huteketeza. Lakini je, mpishi hupata hasara achomapo kuni? Kukamata molekuli moja ya nitrojeni hugharimu molekuli zisizopungua 16 za ATP, ambayo ni sarafu ya nguvu katika seli. Usiku, asiyechoma akiba atalipa kwa nini?

Mwanafunzi aliyeaminishwa kuwa viumbe vya nuru havipumui amenyimwa ufunguo. Hatafahamu jinsi maji yaliyo maskini wa mbolea yanavyolisha mwani, mwani ukalisha vidudu, vidudu vikalisha samaki, na samaki akafika sahanini pake. Ikatae kauli hiyo, hata ukiikuta imepigwa chapa kitabuni.