Khanga Yenye Alama Si Lazima Iwe Khanga Iliyopimwa

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Katika biashara ya nguo za kuchapwa methali hii imepoteza nusu ya ukweli wake, kwa kuwa ustadi wa uchapaji umeiwezesha nguo mbovu kung'aa kama nguo bora kwa siku ile moja inayotakiwa, yaani siku ya kuuzwa. Mama anunuaye doti ya khanga katika duka la Viwanja Sitini, mjini Ifakara, huitazama rangi, huupima uzito wake kwa kiganja, kisha husoma jina lake. Lakini mambo matatu makubwa zaidi hayaonekani kwa jicho wala hayashikiki kwa mkono: iwapo rangi hiyo ni salama kwa ngozi ya mtoto atakayebebwa ndani yake, iwapo itastahimili maji, sabuni na jua, na iwapo maji yaliyotumika kuiosha kiwandani yalisafishwa kabla ya kumwagwa mtoni.

Vyeti vya nguo viliwekwa kwa ajili ya mambo hayo matatu, na kosa la kwanza linalofaa kuepukwa ni kuyachanganya. Cheti cha usalama huhusu mwili wa mvaaji. Mathalani, cheti cha Oeko-Tex Standard 100, kilichoanzishwa Ulaya mwaka 1992, hugawa nguo katika madaraja manne, na daraja lenye masharti makali kuliko yote ni lile la nguo za watoto wachanga. Miongoni mwa vitu vinavyotafutwa ni fomaldihaidi, na zile rangi za azo ambazo zikivunjika hutoa kemikali ziitwazo amini za aromatiki, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku rangi za namna hiyo katika nguo zinazogusa ngozi kwa agizo la mwaka 2002, na kikomo kilichowekwa ni miligramu 30 za amini hizo katika kilo moja ya nguo.

Cheti cha uimara huhusu mwenendo wa nguo yenyewe. Kipande cha khanga hushonwa pamoja na kitambaa cheupe, kikafuliwa kwa joto na sabuni vilivyopimwa, kisha kiasi cha rangi iliyohamia kwenye kitambaa cheupe hulinganishwa na kipimo cha kijivu chenye ngazi 1 hadi 5, ambapo 5 ni rangi isiyohama. Cheti cha mazingira nacho hutazama shamba na kiwanda. Nguo inaweza kuwa salama kabisa kwa anayeivaa, na bado ikawa imeuchafua mto mahali ilipotengenezwa. Kwa hiyo muuzaji asemaye kwamba nguo yake ina cheti hajasema jambo kamili mpaka ataje ni cheti cha nini.

Wakazi wa Bonde la Kilombero wanao mfano wa karibu wa nguo iliyopimwa kwa makini, nao ni chandarua. Kuanzia mwaka 1997 mradi uliojulikana kwa jina la KINET ulisambaza vyandarua na dawa ya kuvitia katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa alama ya biashara ya Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Hayo hayakuwa maneno ya muuzaji. Yalikuwa hesabu ya watu walioishi na watu waliokufa.

Baadaye vilipokuja vyandarua vyenye dawa ya kudumu, Shirika la Afya Duniani halikuridhika na ahadi ya kiwanda. Chandarua hufuliwa mara 20 kwa utaratibu maalumu, kisha mbu huwekwa juu yake kwa muda mfupi. Ili kifaulu, mbu walioanguka ndani ya dakika 60 wasipungue asilimia 95, au waliokufa ndani ya saa 24 wasipungue asilimia 80. Hata hivyo kufaulu huko hakukuwa mwisho wa maswali. Utafiti uliofanywa katika wilaya mbalimbali za Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vyandarua vingi havikufikisha ile miaka mitatu ya matumizi iliyokuwa ikitarajiwa. Tena mbu wenyewe, wa Kilombero wakiwamo, walijenga usugu dhidi ya dawa za kundi la pairethroidi. Ndipo jaribio kubwa la Misungwi, mkoani Mwanza, lililotangaza matokeo yake mwaka 2022, likapima vyandarua vyenye dawa za aina mbili.

Funzo la chandarua ni bayana. Ushahidi wa kweli una sifa tatu: mpimaji si muuzaji, njia ya kupima inajulikana na inaweza kurudiwa na mtu mwingine, na kipimo hurudiwa kadiri hali inavyobadilika. Basi ni haki kuuliza kwa nini nguo inayotundikwa juu ya kitanda idaiwe ushahidi wote huo, na nguo inayofungwa mwilini kutwa kucha, ambayo mtoto huinyonya pindo lake, iaminiwe kwa uzuri wa maua yake.

Khanga haikukosa alama. Tangu zamani khanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilitambulikana kwa maandishi ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla", na wanunuzi waliyaamini. Lakini alama ya namna hiyo ni neno la mfanyabiashara juu ya mali yake mwenyewe, na mtu yeyote mwenye mtambo wa kuchapa nguo anaweza kuchapa pia alama ya mwenzake. Ndiyo sababu Taifa liliunda Shirika la Viwango kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1975. Alama ya ubora ya TBS ina uzito kwa sababu nyuma yake ipo maabara isiyouza nguo.

Watakuwapo watakaosema kwamba vipimo vitapandisha bei, na kwamba mkulima wa mpunga hahitaji khanga yenye cheti bali khanga ya bei nafuu. Hoja hii isidharauliwe, lakini haina nguvu inayodhaniwa. Gharama ya kupima sampuli za toleo moja hugawanywa kwa doti zote za toleo hilo. Na khanga inayochuja mara ya kwanza, ikaharibu na nguo nyingine zote zilizokuwa katika beseni, haikuwa ya bei nafuu. Lenye uzito zaidi ni swali la wazalishaji wadogo, kama wanawake wa Ifakara wafumao vitambaa vya pamba kwa mikono. Vyeti vya nchi za nje vinaweza kuwafungia mlango. Dawa yake si kufuta vipimo, bali ni kuvifanya vifikiwe na mnyonge. Na huduma ya TBS kwa wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO ni njia inayostahili kupanuliwa.

Jambo la pili linalotakiwa ni lugha. Lebo isiyosomeka na mnunuzi si ushahidi kwake. Yafaa kila jora liandikwe kwa Kiswahili: aina ya nyuzi, ngazi ya uimara wa rangi, daraja la usalama, jina la maabara na mwaka wa kipimo. Yafaa pia sampuli zichukuliwe madukani, na matokeo yatangazwe.

Shule za sekondari zinaweza kuanza bila kungoja. Kwa beseni, sabuni, kipimajoto na kipande cha kitambaa cheupe, wanafunzi wanaweza kulinganisha khanga tano na kuzipanga kwa uimara wa rangi. Mbele ya mwalimu, uzi mmoja ukichomwa kwa koleo utaonyesha iwapo ni pamba, inayoungua kama karatasi na kuacha majivu, au poliesta, inayoyeyuka na kuacha tone gumu. Lakini mwalimu asiache kuwaonyesha mpaka wa jaribio lao. Rangi isiyochuja si lazima iwe salama. Amini za aromatiki hazitafutwi kwa beseni bali kwa vyombo vya kromatografia. Mwanafunzi atakayeifahamu tofauti hiyo, akajua kipi amekithibitisha na kipi bado, atakuwa amejifunza sayansi kuliko yule aliyekariri majina ya rangi zote.

Khanga ni nguo iliyozoea kusema. Imebeba mafumbo, mapenzi na maonyo kwa zaidi ya karne moja. Haitakuwa vigumu kwake kubeba maneno machache zaidi, yanayosema imepimwa nini, na nani, na lini.