Kompyuta ya Kupozwa kwa Maji: Hesabu Itangulie Bisibisi

Miongoni mwa vijana wanaopenda kuunda kompyuta kwa mikono yao, imezuka hamu ya kuipoza mitambo hiyo kwa maji badala ya feni peke yake. Hamu hiyo si ya kubezwa. Kijana anayejichagulia pampu, mabomba na rejeta hugusa kwa vidole vyake sura nzima ya somo la Fizikia. Lakini aghalabu mpango wake wa kwanza huanzia mahali pasipofaa. Huanza na rangi ya mabomba na taa, hufuata bei, na hesabu ya joto huja mwisho au haiji kabisa. Utaratibu huo hauna budi kugeuzwa, na mahali pa kuugeuza ni darasani.

Fikra yenyewe si ngeni. Kompyuta kubwa ya IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilipozwa kwa maji yaliyozungushwa ndani yake. Sakiti za Cray-2 ya mwaka 1985 zilizamishwa katika kimiminika maalumu kisichopitisha umeme. Wahandisi wa mitambo hiyo hawakutafuta urembo. Walikuwa na joto jingi katika nafasi ndogo, na hewa haikuweza kuliondoa kwa kasi iliyotakiwa.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,180 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya sentigredi, hali kilo moja ya hewa huhitaji jouli 1,000 hivi tu. Tena lita moja ya maji ina kilo moja, na lita moja ya hewa ina gramu 1.2. Kwa ujazo ulio sawa, basi, maji hubeba joto takriban mara 3,500 kuliko hewa.

Hapo ndipo wengi hupotoka, wakadhani kwamba maji huliangamiza joto. Maji ni mchukuzi tu. Mchukuzi wa bandarini huutoa mzigo melini akaupeleka ghalani. Ghala likijaa, nguvu zake hazimfai kitu. Ghala la kompyuta ni hewa ya chumba, na mlango wake ni rejeta.

Na ichukuliwe mfano wa kompyuta ambayo kichakataji chake hutoa joto la wati 150, na kadi yake ya michoro wati 250. Jumla ni wati 400. Pampu ikizungusha lita 4 kwa dakika, maji yatakayopita katika sehemu hizo mbili yatapanda joto kwa nyuzi 1.4 tu. Kwa hiyo mabishano marefu juu ya sehemu ipi ipitiwe kwanza na maji hayana faida kubwa. Lililo la maana zaidi ni tangi kuwekwa kabla ya pampu, ili pampu isizunguke kavu.

Sasa na idhaniwe kwamba mzunguko huo una lita moja ya maji, na rejeta haitoi joto lolote. Joto la maji litapanda karibu nyuzi 6 kila dakika. Yakianza katika nyuzi 30, yatafika 60 kwa muda wa dakika 5 hivi. Ni dhahiri kwamba wingi wa maji huchelewesha tu. Kinachopoza hasa ni upana wa rejeta na hewa inayopita ndani yake.

Mafundi wengi hukadiria wati 100 hivi kwa kila nafasi ya feni ya milimita 120, iwapo maji yana joto la nyuzi 10 hivi kupita hewa ya chumba. Wati 400 zahitaji nafasi nne. Mchana wa Januari hewa ya Dar es Salaam huweza kufika nyuzi 32. Maji yatakuwa katika nyuzi 42, na kichakataji juu zaidi. Rejeta haiwezi kamwe kuyapoza maji chini ya joto la hewa inayoipitia. Kijana anayenakili vipimo vilivyochukuliwa London wakati wa baridi atakuwa amenakili majibu ya mtihani mwingine. Isitoshe, wati zile zile 400 humwagwa chumbani, iwe kwa maji au kwa feni.

Kemia nayo ina neno lake. Bamba la shaba na rejeta ya alumini vikikutana katika maji yale yale hufanya seli ya umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Madini ya aina moja yachaguliwe tangu mwanzo. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi. Yatumike yaliyokenekwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na mwani. Kisha, kabla ya kompyuta kuwashwa, pampu izungushwe peke yake kwa saa 24, na karatasi kavu zitandazwe chini ya kila kiungo. Asiyeziba ufa hapa hatajenga ukuta. Atanunua kompyuta nyingine.

Wapo watakaosema kwamba kijana hujifunza kwa kujaribu na kukosea. Ni kweli. Lakini kosa la penseli hufutwa kwa raba, na kosa la maji juu ya sakiti hulipwa kwa akiba ya miezi mingi. Tena hesabu ikifanywa kwa unyofu, mara nyingi itaonyesha kwamba kipozaji kikubwa cha hewa chenye feni nzuri chatosha. Faida halisi ya maji ni kwamba rejeta pana huruhusu feni zizunguke polepole, na makelele yakapungua. Mwenye kuutaka utulivu huo, na aliye tayari kuutunza mzunguko wake, ana sababu. Mwenye kutaka kusifiwa tu hana tarakimu ya kumtetea.

Kupanga ni kuchagua, kama alivyosisitiza Mwalimu Nyerere mwaka 1969, na hakuna kuchagua pasipo kupima. Mwalimu wa Fizikia aweza kulifanya zoezi hili bila kununua hata skrubu moja: lita moja ya maji, hita ya umeme ambayo wati zake zajulikana, kipimajoto na saa. Wanafunzi wakadirie kwanza, wapime baadaye, kisha waeleze kwa nini tarakimu mbili hizo hazilingani. Atakayeweza kulieleza joto lililopotea njiani ndiye aliye tayari kushika bisibisi.