Maoni – Lubumbashi: bukle na listi zifundishwe kwa vipande, si kwa kukariri tablo

Katika madarasa mengi ya humanite mjini Lubumbashi, somo la informatike linapita hivi: mwalimu anaandika ubaoni « Pour i allant de 1 à 12 faire », wanafunzi wananakili ndani ya kaye, na siku ya interogasio kila mmoja anarudisha maneno yale yale kama alivyoyapokea. Ordinatere yenyewe iko mbali. Pengine iko moja tu, ofisini kwa prefe, imefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi.

Kisha mwalimu anafika kwenye somo la « tableau », na hapo mambo yanachanganyika kabisa. Kwa Kifaransa cha informatike, tableau ni safu ya vitu vinavyotunzwa chini ya jina moja, kila kimoja na namba yake. Kwa mtoto wa Katuba au wa komine ya Kenya, tablo ni ule ubao mweusi ulio mbele yake. Anaambiwa « ingiza namba hizi ndani ya tablo », anatafuta chaki. Darasa linacheka, mwalimu anaendelea, na mtoto anatoka bila kuelewa. Mwaka unaofuata atapewa somo lingine lililojengwa juu ya hilo ambalo hakulielewa.

Shule za mji huu zingefanya vizuri kuanza bukle na listi kwa programu ya vipande, kabla ya Pascal, kabla ya Visual Basic, na kabla ya yale masaa mengi ya kujifunza kupamba barua ndani ya Word. Wapo walimu watakaokasirika wakisikia hivyo. Wanaona vipande vya rangi kuwa mchezo wa watoto wadogo, na kwamba mtu mwenye diplome yake hawezi kusimama mbele ya darasa akimwongoza paka kwenye ekrani.

Paka huyo ni wa Scratch. Programu hiyo ilitolewa mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika MIT Media Lab, Marekani, na ni ya bure. Ndani yake mtu haandiki amri herufi kwa herufi. Anavuta vipande na kuvipachika kimoja chini ya kingine. Bukle ina umbo la mdomo ulio wazi: amri iliyo ndani ya mdomo inarudiwa, iliyo nje hairudiwi. Jambo hilo dogo linaondoa nusu ya matatizo. Mwanafunzi wa ubaoni anasahau « fin pour » kila mara, na ukimuuliza amri ya tatu iko ndani ya bukle au nje yake, anaangalia dari. Kwa vipande, anaona kwa macho.

Listi nayo inaonekana. Ikiundwa, inasimama pembeni ya ekrani na namba zake: 1, 2, 3, mpaka mwisho. Scratch inaanza kuhesabu kwa 1, kama watu wanavyohesabu sokoni. Lugha kama Python zinaanza kwa 0, na hilo mwanafunzi atalikuta baadaye akiwa tayari.

Likelemba ni mfano mzuri kwa sababu mtoto amekwisha kuiona nyumbani. Wamama 12, kila Jumamosi kila mmoja anatoa faranga 10 000, na mmoja wao anapokea 120 000. Kaye ya mama anayeshika makuta ni listi: jina la kwanza, la pili, mpaka la 12. Kuzunguka Jumamosi ile kuuliza nani ametoa na nani hajatoa ni bukle. Mtoto anaunda listi anayoiita « wamama ». Anaunda na sanduku la namba analoliita « zamu », anatia 1 ndani yake. Halafu anachukua kipande cha « répéter 12 fois » na kuweka ndani yake amri mbili: sema jina lililo kwenye nafasi ya zamu, kisha ongeza 1 kwenye zamu. Akibonyeza bendera ya kijani, paka anataja majina yote 12. (Kama amesahau kuchagua kipande cha kusema kwa sekunde mbili, majina yatapita mbio na atabaki na la mwisho tu. Kila mtu anaanguka hapo mara ya kwanza.)

Sasa ageuze zile amri mbili: aongeze kwanza, aseme baadaye. Paka ataanza na mama wa pili, atafika kwa wa 12, kisha hatakuwa na jina la kusema, kwa sababu nafasi ya 13 haina mtu. Mama wa kwanza hajatajwa. Katika likelemba ya kweli, huyo ndiye angekuja kubisha mlango asubuhi. Ndani ya kaye ya algoritmike, kosa hilo hilo linamnyima mwanafunzi pointi moja, nyekundu, na hajui ni kwa nini.

Kosa la pili ni baya zaidi maana linajificha. Likelemba inataka kuwaondoa wamama ambao hawakutoa kitu. Mwanafunzi anaongeza listi ya pili, « makuta », yenye kiasi alichotoa kila mmoja, na ndani ya bukle anaweka sharti: kama makuta ya nafasi hii ni 0, futa nafasi hii. Tuseme mama wa 4 na mama wa 5, wanaofuatana, wote wawili hawakutoa. Bukle inafika kwenye 4, inakuta 0, inafuta. Mara hiyo hiyo mama wa 5 anapanda na kukaa kwenye nafasi ya 4. Lakini zamu inasonga kwenda 5, na pale kuna yule aliyekuwa wa 6. Mama wa 5 hakuulizwa hata kidogo. Jirani yake amefukuzwa, yeye amebaki, na wote wawili wana kosa moja.

Dawa yake inajulikana na kila mtu anayeandika programu: kuanza mwisho wa listi na kurudi nyuma. Zamu inachukua kwanza urefu wa listi, kisha inapunguzwa 1 kila mara. Ukifuta nafasi ya 5, wanaosogea ni wale ambao wamekwisha kuulizwa, na wa 4 bado yuko mahali pake anangoja. Mtoto wa miaka 13 anaweza kugundua dawa hiyo mwenyewe akiona listi ikisogea mbele ya macho yake. Ubaoni hakuna kinachosogea.

Kuna la tatu, na hilo linagusa heshima za watu. Scratch haikubali listi ndani ya listi, kwa hiyo majina na makuta yanatembea katika listi mbili zinazopaswa kwenda bega kwa bega. Mwanafunzi akifuta nafasi ya 4 kwenye « wamama » na kusahau kuifuta kwenye « makuta », majina yote ya chini yanapanda hatua moja, lakini makuta yanabaki yalipokuwa. Mama aliyekuwa wa 5, hata kama alitoa faranga zake zote, sasa jina lake linakaa mbele ya 0 ya mwenzake. Ameandikwa mdeni. Hakuna aliyemsingizia, ni amri moja iliyosahauliwa. Watu wangapi katika mji huu wamebishana na karani mbele ya listi ya mishahara au ya minervale, karani akijibu kwamba ndivyo mashine ilivyoandika? Mwanafunzi aliyewahi kuharibu likelemba ya paka kwa mkono wake mwenyewe hatakubali jibu hilo kirahisi. Ataomba kuona listi.

Wanaosema kwamba vipande ni vya watoto wangeangalia pia kazi za wakubwa. LabVIEW, ya kampuni ya National Instruments, ipo tangu 1986, na ndani yake wahandisi wanachora programu badala ya kuiandika. Bukle ni fremu inayozunguka amri, na safu ya vipimo ikigusa ukuta wa fremu hiyo, vipimo vinaingia kimoja kimoja, mzunguko mmoja kipimo kimoja. Huko CERN, karibu na Geneva, wameitumia kuongoza mota za vifaa vya mashine yao kubwa ya kugonganisha chembe. Na hapa Congo, zile roboti za barabarani ambazo injinia Thérèse Izay aliziweka Kinshasa mwaka 2013 zinaonyesha wazi kwa nini kipande cha « répéter indéfiniment » kipo. Nyekundu, kijani, geuka, anza tena, usiku na mchana. Bukle ya roboti kama hiyo ikikatika, magari yanagongana.

Jibu la umeme na ordinatere ni zito zaidi, na halifai kudharauliwa. Tangu shule ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure mwezi wa 9 mwaka 2019, madarasa yamejaa, na shule inayotafuta madawati haiwezi kuota sale ya mashine. Lakini programu hii inafanya kazi bila intaneti. Inabebwa kwenye klefu ya USB. Mashine kuukuu isiyoweza toleo la leo inaweza lile la 1.4, la mwaka 2009, ambalo nalo lina listi. Lugha ya vipande inachaguliwa: Kifaransa kipo, Kiswahili nacho kipo. Ordinatere moja kwa darasa, na projekta ya kuazima parokiani, inatosha kwa saa moja ambapo wanafunzi wanatabiri kwanza kwenye karatasi paka atasema nini, halafu mmoja anakuja kubonyeza. Walio na kila kitu wanawaacha watoto wabonyeze tu bila kutabiri, na mara nyingi hao ndio wanaojifunza kidogo.

Kuhusu Examen d'État, kweli, haiulizi paka. Inauliza algoritmike, na mwanafunzi aliyeelewa bukle ataandika « pour » na « tant que » bila kukariri, kwa sababu anajua kinachotokea ndani.

Vipande vina mpaka wake, na walimu wanaovipenda mno wanakosea pia. Programu ikirefuka, ekrani inakuwa kama soko saa ya mvua, hakuna anayeona njia. Scratch pia ina upole mbaya: ukiomba nafasi ya 13 kwenye listi ya watu 12, hailalamiki, inakupa utupu. Python ingesimama na kusema kuna kosa. Mtoto anayekaa miaka mitatu na upole huo anazoea vibaya. Mihula miwili inatosha, tena kwa darasa la 7 na la 8, kisha aingie kwenye lugha ya maandishi na listi zake zinazoanza kwa 0. Kumweka hapo mpaka mwaka wa diplome kwa sababu anafurahi ni kumchelewesha.

Na shule isiyo na hata mashine moja inaweza kuanza Jumatatu. Vipande 12 vya karto, jina la mama mmoja juu ya kila kimoja, vimepangwa chini kwa mstari; kipande cha 13 kimeandikwa « zamu », na mwanafunzi mmoja anakisogeza hatua moja moja huku mwingine akisoma amri kwa sauti. Watakapoondoa karto ya nne na kuusogeza mstari kuziba pengo, anayeshika zamu apige hatua yake kwenda ya tano, asome jina lililo pale. Darasa litapiga kelele lenyewe kwamba kuna mama amerukwa.