Injini ya tano na jasho la bure

Wiki hii nina swali la mwanafunzi wa sekondari mjini Loitokitok. Kijana huyu na binamu zake wa Kitengela hucheza Space Engineers, mchezo wa kompyuta uliotokea mwaka 2013, ambamo mchezaji hujenga chombo cha angani kwa kuunganisha bloku moja baada ya nyingine. Chombo chao kikiwa kitupu hupaa vizuri. Kikishapakiwa mawe ya madini, hunguruma tu pale chini. Wameongeza injini, wapi! Baba mtu naye amewaambia waache upuzi wakashike vitabu vya fizikia.

Mzee, tulia kidogo. Wanachouliza hao ndiyo fizikia yenyewe.

Tuanze na lori la nyanya linalotoka Loitokitok kwenda Emali. Likilemewa mlimani, dereva hubadilisha gia, na hata likisimama kabisa, barabara bado imelibeba. Chombo cha angani hakina barabara. Injini zake lazima kwanza zibebe uzito wote, ndipo nguvu inayosalia ikipandishe.

Haya, chukueni kalamu. Hapa duniani kila kilo huvutwa chini kwa nguvu ya nyutoni 10 hivi. Chombo cha kilo 12,000 basi huvutwa kwa nyutoni 120,000. Tuseme kina injini nne, kila moja ikisukuma nyutoni 40,000. Jumla ni 160,000, na zinasalia 40,000 za kupaa. Pakia kilo 4,000 za madini, na uzito nao unafika 160,000. Hakuna kilichosalia.

Sasa vijana wanafunga injini ya tano. Lakini injini si unyoya! Ikiwa hiyo injini, pamoja na tangi na mafuta yake, ina kilo 4,000, msukumo utakuwa 200,000 na uzito 200,000 vilevile. Jasho la bure. Injini ya kuongeza ni ile inayosukuma kupita uzito wake na wa mafuta yake, tena kwa mbali.

Hesabu hiyo imewahi kufanywa kwa roketi ya kweli hapa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta kama ilivyo Loitokitok. Roketi ilikuwa na karibu tani 18. Setilaiti iliyobebwa, ambayo ilipewa jina Uhuru, ilikuwa na kilo 140 hivi tu! Sehemu kubwa ya uzito uliosalia ilikuwa mafuta. Scout ilikuwa na vipande vinne vilivyopandana, na kila kilichomaliza mafuta kiliachwa kianguke, maana ganda tupu ni abiria asiyelipa nauli. Tena ilielekezwa mashariki, ili mzunguko wa dunia uipe kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa bila kuchoma chochote.

Kwa hiyo, vijana, kabla ya injini ya sita, tazameni cha kutupa: mabamba mazito ya chuma, tangi tupu. Au bebeni madini kwa safari mbili.

Wala msipime kupaa peke yake. Chombo chenye msukumo sawa na uzito wake, kikishuka kwa mita 20 kwa sekunde, kitaendelea na mita 20 hizo hizo hadi kigonge chini, injini zote zikinguruma. Kikiwa na kilo 12,000, injini zilezile nne zitakisimamisha kwa sekunde 6, nacho kitahitaji mita 60 za kushukia. Washeni injini mkiwa juu zaidi ya hapo.