Kila Jumapili naita mahudhurio

Kila Jumapili saa kumi jioni, kivuli kikishafika kibarazani kwangu hapa Morogoro, natandika mkeka, navaa miwani, nafungua daftari langu kubwa na kuita mahudhurio. Darasa ni lile lile nililolisimamia nikiwa kiranja Mpwapwa, tulikosomea ualimu na kuhitimu mwaka 1983. Tulikuwa 41. Sasa tumebaki 23. Naita wawili kwa Jumapili moja, kwa kufuata namba zao za zamani, na nawaita kwa sauti: napiga simu, siandiki ujumbe.

Wenzangu huniuliza kwa nini najisumbua wakati kundi la WhatsApp lipo. Lipo kweli. Asubuhi linajaa picha za maua na aya za kutia moyo. Ukinyamaza miezi mitatu, hakuna anayekuulizia. Ukifa, kundi zima linaamka: namba ya kutuma pesa inabandikwa, orodha inaanza kuzunguka, kila anayetoa anajiongeza chini. Rambirambi siidharau. Nilipofiwa na mume wangu mwaka 2016, mchango wa darasa ulifika kabla hatujatoa maiti hospitali, na wanne walisafiri usiku kucha kuja kukaa nami matangani. Sitawasahau. Lakini darasa linaloamshwa na kifo tu limeshageuka kamati ya mazishi, na mimi nawataka hawa watu wakiwa hai.

Namba 9 ni mzee wa Newala. Alistaafu akiwa mwalimu mkuu, na sasa usahaulifu umemshika sana. Mkewe huweka simu kwenye sauti kubwa na kumsogezea. Mwezi uliopita hakunijua. Nikataja jina langu, nikataja chuo, kimya. Kisha akasema, kama mtu aliye mbioni, "Treni imechelewa. Sanduku langu umelishika?" Mkewe akaniomba radhi. Akasema ndivyo anavyoweweseka siku hizi, kutwa anaulizia sanduku, na watoto humtuliza kwa kumwambia hakuna sanduku lolote.

Sanduku lile mimi nalijua. Lilikuwa la bati, la kijani, kufuli bovu, limezungushwa kamba ya katani. Tukirudi chuoni kutoka likizo, yeye akitokea Dar es Salaam na mimi nikipandia Morogoro, tulikuwa tukishuka Gulwe usiku wa manane, kituo cha Reli ya Kati kilicho jirani na Mpwapwa. Tulilala juu ya mizigo, tumejifunika khanga zangu mbili na shuka lake, tukingoja lori la alfajiri. Akienda kutafuta maji, sanduku aliniachia mimi.

Nikamjibu, "Nimelishika, Mwalimu. Nimelikalia kabisa."

Akacheka, kicheko chake cha zamani. Akaniuliza kama nina njaa.

Mkewe aliolewa naye miaka saba baada ya chuo. Watoto wamemkuta ni mtu mzima, baba, bwana mkubwa wa shule. Nyumbani kwake hakuna aliyemjua kijana wa Gulwe. Mtu akizeeka hurudi huko kwenye ujana, na akifika huko anahitaji kumkuta mtu. Ndugu zetu wengi waliotujua tukiwa na miaka ishirini wameshatangulia. Tuliobaki ni sisi tuliolala bweni moja na kuandaa masomo kwa taa moja ya chemli. Nilimweleza wifi habari ya lile sanduku, na siku hizi yeye naye humjibu kwamba limeshikwa. Anasema mzee analala vizuri zaidi.

Nimesema wifi. Ni jambo la kulieleza, kwa sababu wapo wajane wenzangu wanaotaka kuwatafuta rafiki zao wa chuo na wanaogopa kueleweka vibaya. Mwanamke kumpigia mume wa mtu jioni ya Jumapili kunahitaji adabu yake. Mimi humpigia mke kwanza. Namsalimu, nauliza watoto, nauliza shamba, ndipo naomba kusemeshwa na ndugu yangu. Sasa nina mawifi wanane ambao sijawahi kuwaona kwa macho, na wawili kati yao ndio hunibipu mimi kwanza nikichelewa.

Linaloniuma ni la michango. Mtu mmoja kundini alipendekeza kiwango, shilingi 30,000 kwa kila msiba, na sote tukakubali kwa dole gumba bila kufikiri. Ikaja misiba mitatu katika miezi miwili. Mwenzetu mmoja akajitoa, bila neno, tukabaki kusoma ule mstari mdogo kwamba ametoka. Wakasema ana kiburi. Nilimpigia. Mumewe anaugua kitandani mwaka wa pili, pensheni yote inaishia duka la dawa. "Mwenzangu," aliniambia, "ningebaki, kila msiba mngesoma orodha na jina langu halimo."

Huyu ndiye tuliyekuwa naye kitanda cha juu na cha chini ule mwaka wa 1983, mwaka wa foleni za sukari na msako wa wahujumu uchumi, sabuni ikiwa inatafutwa nchi nzima kama dhahabu. Shangazi yake alimletea kipande cha mche. Alikizungushia uzi wa kushonea, akavuta taratibu mpaka kikakatika, nusu mbili hazikulingana, akanipa iliyo kubwa. Mtu wa namna hiyo tumemfukuza kwa orodha. Nimeomba kundini, na naomba hapa kwa madarasa mengine: kiwango kifutwe, anayetoa amtumie mweka hazina peke yake, na orodha isibandikwe kamwe. Asiye na kitu na aje na sauti yake.

Namba za simu nazo hazidumu. Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa, nilipoteza watu watatu kwa mpigo. Mmoja alikuwa amerudi kulima Kasulu, na jembe lilikuwa limemsugua vidole mpaka mashine ikashindwa kumsoma. Alipotea kwangu miaka miwili. Nilimpata kwa kuuliza katika shule aliyostaafia; mwalimu mkuu wa sasa aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Alipopokea simu alinyamaza kidogo, akasema, "Nilidhani mmenifuta." Tulimzika mwezi wa tatu mwaka huu. Miaka ile miwili ya ukimya huwa naihesabu.

Tangu hapo daftari langu lina safu ya pili: namba ya mtoto au ya jirani. Naiomba waziwazi, hata kama inaonekana kama uchuro. Na nikiipata huwa naipigia siku ile ile, nijitambulishe, ili kijana ajue mimi ni nani kabla mambo hayajaharibika.

Majina 18 ya waliotangulia sijayafuta. Wengi waliondoka miaka ya 1990, wakiwa na miaka thelathini na kitu, walimu wazuri sana, kwa ugonjwa ambao misibani hatukuthubutu kuutaja. Wengine tulisikia habari zao kwenye matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, siku kadhaa baada ya kuzikwa. Zamu yao ikifika napiga kwa mjane, au kwa mtoto. Binti mmoja wa Iringa, ambaye mama yake alimwacha akiwa na miaka minne, aliniuliza swali moja tu: mama alikuwa anaimba? Nikamwambia alikuwa haimbi hata kidogo, ila alipiga mluzi, matron akimkataza kila siku, na akifua ndipo alipozidisha. Akaniomba nirudie.

Jumapili hii ni zamu ya namba 17 na namba 18. Namba 17 yuko Tukuyu, simu yake hushika akipanda mgombani, kwa hiyo nitamwahi kabla ya mvua. Namba 18 hasikii sikio la kushoto. Nitaanza kwa mwanawe.